Ukuta wa chumba cha mama Lushoto unatoka jasho: nikibandika foma na jipsam kwa ndani, maji yatakwenda wapi?

#1 Mjukuu wa Magamba
Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye ujuzi wa ujenzi wanisaidie kabla sijampa fundi hela.

Nyumba ya mama iko Lushoto, njia ya kupandia Magamba. Bloku za inchi 6 zimesimamishwa, plasta ndani na nje, bati, dari ya jipsam. Chumba anacholala kina ukuta mmoja unaotazama kusini. Kuanzia Mei mpaka Agosti ukuta ule hauoni jua kabisa. Asubuhi ukiupapasa ni wa baridi na mkono unatoka na maji. Nyuma ya kabati wameota fangasi weusi, rangi inabanduka, nguo zote za upande ule zinanuka. Mama ana pumu, na kila kipupwe kikiingia hali inazidi.

Fundi amependekeza apigilie mbao za mbili kwa mbili, katikati ajaze foma nyeupe (ile inayokuja kwenye boksi la televisheni), juu apige jipsam bodi, skimu na rangi. Anasema baridi itakwisha na fangasi watakwisha. Kwa nje hakuna la kufanya, kingo ya mlima iko hatua moja tu kutoka ukutani.

Ninachouliza: haya maji ninayoyaona leo yatakwenda wapi? Nisije nikawafungia fangasi nyuma ya jipsam wakaendelea kuota bila kuonekana, na mama analala palepale.

#2 Sahare kwa Pwani
Ninyi watu wa milimani! Mkishuka Tanga mnalia joto, mkipanda kwenu mnalia baridi. Pole kwa mama, mkuu. Nakaa hapa kusoma, maana na mimi nina ukuta wangu unaonisumbua, nitaueleza baadaye.

#3 Fundi wa Makorora
Kingo ya mlima hatua moja? Basi umejijibu. Mvua ikinyesha maji yanazama kwenye udongo wa kingo, yanakutana na msingi, yanapanda ukutani. Nimejenga Soni na Bumbuli, nyumba nyingi zilizochongewa mlimani zina ugonjwa huu. Ama msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia maji kabla ya kupandisha ukuta, ama iliwekwa ikatobolewa na kokoto siku hiyohiyo.

Kabla ya foma, chimba mfereji nyuma ya nyumba, ushuke chini ya usawa wa sakafu, weka bomba lenye matundu na kokoto juu yake, maji yapate njia ya kutokea pembeni. Foma haizuii maji ya ardhini. Itayaficha tu.

#4 Mwalimu Mstaafu Chumbageni
Fundi ana hoja, lakini maelezo ya kijana yana dalili nyingine tusiyopaswa kuiruka. Maji ya ardhini hayachagui kabati. Kama fangasi wako nyuma ya kabati na sehemu nyingine za ukuta ule ni nafuu, hapo tunaongelea mvuke wa chumbani.

Toa chupa ya soda kwenye friji uiweke mezani. Maji yanayojaa nje ya chupa hayakutoka kwenye soda, yametoka hewani. Ukuta wa mama ndivyo ulivyo.

Tuweke namba. Chumba kina nyuzijoto 18, kimefungwa usiku, unyevu wa hewa umefika asilimia 80, hali ya kawaida kwa chumba kidogo cha kulala wakati wa baridi. Hewa hiyo ikigusa kitu chenye nyuzi 14 na nusu au chini ya hapo, mvuke unageuka maji. Nje tuseme ni nyuzi 10. Bloku ya inchi 6 inapitisha joto kwa urahisi sana, kwa hiyo uso wa ndani wa ukuta unasimama kwenye hizohizo 14 na nusu. Nyuma ya kabati hewa ya chumba haizunguki, pale uso unashuka mpaka kama nyuzi 12. Na fangasi hawasubiri maji yatiririke. Unyevu wa asilimia 80 palepale kwenye uso wa ukuta, ukidumu, unawatosha.

Sasa foma. Ukiweka inchi 2, uso mpya wa ndani utapanda mpaka nyuzi 17 na kitu, na mama ataihisi tofauti usiku wa kwanza. Lakini bloku zilizobaki nyuma ya foma hazipati tena joto la chumba. Zitatoka 14 na nusu mpaka karibu nyuzi 11. Ukuta wa zamani unakuwa wa baridi kuliko ulivyo leo! Hewa ya chumba ikipata upenyo wa kufika kule, kwenye kiungo cha jipsam, kwenye soketi, kando ya dari, itaacha maji kila usiku na hakuna atakayeyaona.

Kwa hiyo foma si adui. Adui ni uwazi nyuma ya foma. Na njia ya mbao za mbili kwa mbili inaacha uwazi mwingi, kwa sababu foma iliyokatwa kwa mkono haibani vizuri kati ya mbao.

Kijana, nijibu mawili. Unyevu unaanzia chini au juu? Na kuna unga mweupe mahali popote?

#5 Mjukuu wa Magamba
Shikamoo mwalimu. Nimempigia mama, ameupapasa ukuta wote kwa tochi ya simu. Fangasi weusi wako nyuma ya kabati na kwenye kona ya juu karibu na dari. Lakini chini, kona ya kulia, rangi imevimba na kuna unga mweupe unaofika kama usawa wa goti.

Nilisahau kusema kwamba kipupwe anaanika nguo humohumo chumbani, na jiko la gesi liko chumba cha pili, hakuna mlango katikati, pazia tu.

#6 Fundi wa Makorora
Unga mweupe kona ya chini. Mwalimu, hiyo ni hewa ya chumbani pia?

#7 Mwalimu Mstaafu Chumbageni
Marahaba kijana. Fundi, hapana, ile kona ya chini nakuachia wewe. Ile ya juu na ya nyuma ya kabati siachi. Hakuna sheria inayosema ukuta mmoja uwe na ugonjwa mmoja.

#8 Shangazi wa Donge
Naomba niingie. Unga mweupe ni chumvi, ila chumvi peke yake haithibitishi kwamba maji yanapanda leo. Nyumba yetu ya Donge ilijengwa zamani kwa mchanga uliochotwa ufukweni, na tumehangaika nayo mpaka tukaelewa. Chumvi ya kawaida ikikutana na hewa yenye unyevu wa asilimia 75 kwenda juu, inavuta maji hewani yenyewe. Ukuta wetu unalowa siku za mawingu hata kama mvua haijanyesha. Likitoka jua kali unakauka, unga unarudi, na plasta inazidi kumung'unyika, kwa sababu chumvi ikikauka inajenga fuwele ndani ya vitundu vya plasta na kuvipasua.

Tulipaka rangi ya mafuta tukidhani tunaziba. Ikabanduka yote. Kilichosaidia ni kubomoa plasta ile mpaka kwenye tofali na kupiga nyingine kwa mchanga wa mtoni.

Mwanangu, huo mchanga wa nyumba ya mama ulitoka wapi?

#9 Mjukuu wa Magamba
Shikamoo shangazi. Ni mchanga wa mtoni, nilikuwepo ukishushwa. Bahari iko mbali na Lushoto.

#10 Fundi wa Makorora
Shangazi, heshima yako, lakini chumvi haihitaji bahari. Saruji yenyewe ina chumvi zake, udongo wa kingo una zake, na maji yakipita humo yanazibeba mpaka usoni mwa ukuta. Ndiyo maana narudia: mfereji kwanza.

#11 Barafu wa Deep Sea
Wakuu, mimi kazi yangu ni vyumba vya barafu vya kuhifadhia samaki, kwa hiyo mambo ya jasho la ukuta ndiyo mkate wangu. Kanuni yetu ni moja: kizuizi cha mvuke kikae upande wa joto. Kwenye chumba cha barafu hapa Tanga, joto na mvuke viko nje, basi kizuizi kinakaa nje. Kwa mama Lushoto joto na mvuke viko ndani ya chumba, basi nailoni nzito ikae kati ya foma na jipsam, upande anaolala mama. Ipishane kwenye viungo, ibandikwe tepu, izungushwe mpaka kwenye dari na sakafu na izibwe kwa silikoni.

Mafundi wengi wanaigeuza. Wanaiweka kati ya bloku na foma kwa kuogopa maji ya nje. Hapo mvuke unapita kwenye foma, unakutana na nailoni ya baridi, maji yanakusanyika na kushuka mpaka kwenye mbao ya chini. Nimefungua kuta za namna hiyo. Mbao unaichota kwa vidole.

Na mwalimu amesema kweli kuhusu uwazi. Mbao ziachwe kabisa. Foma ipakwe gundi ya vigae uso mzima, isiwe madoamadoa, ikandamizwe ukutani mpaka isibaki nafasi.

#12 Sahare kwa Pwani
Barafu, umenigusa. Sasa na mimi niseme ukuta wangu.

Chumba changu kina AC, naiweka 20 usiku kucha. Ukuta wa nje unapigwa na jua la jioni. Mwaka jana nilibandika karatasi za plastiki za urembo upande wa ndani. Miezi imepita, zikaanza kufanya mapovu, nikabandua moja: nyuma yake nyeusi tii, na ukuta umelowa. Hakuna bomba linalopita pale. Fundi AC anasema ni maji ya AC, fundi ujenzi anasema ni mvua. Huku hakuna baridi, inakuwaje nina ugonjwa wa Lushoto?

#13 Barafu wa Deep Sea
Wewe baridi umeitengeneza mwenyewe, na umegeuza pande. Hewa ya Tanga yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 inaanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 25. Chumba chako ni 20. Mvuke unatoka nje kuingia ndani, unapenya plasta na bloku, unafika kwenye karatasi yako ya plastiki iliyo baridi na kukwama hapo. Umeweka kizuizi upande wa baridi.

Bandua zote. Acha rangi ya maji ya kawaida ili ukuta ukaukie chumbani, AC itavuta unyevu ule. Ipandishe mpaka 25. Na angalia mianya ya dirisha la aluminiamu, hewa ya nje ikiingia usiku inaleta maji mengi kuliko yanayopita kwenye bloku.

#14 Sahare kwa Pwani
Kwa hiyo video zote zile za Ulaya nilizokuwa naangalia, wanaoweka nailoni upande wa ndani...

#15 Barafu wa Deep Sea
Kwao ni sahihi, kwa baridi yao. Ukizifuata Sahare zinakuharibia nyumba. Lushoto zinakaribia kuwa sahihi.

#16 Chokaa ya Pangani
"Zinakaribia" ndilo neno lenyewe, na mimi ndipo ninapokataa nailoni. Nashughulika na nyumba za zamani Pangani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Zilisimama vizazi na vizazi zikilowa na kukauka. Walipokuja watu kuzipiga plasta ya saruji na rangi ya plastiki, unyevu ukakosa pa kutokea na mawe yakaanza kumomonyoka kwa ndani. Ukitembea mtaa wa karibu na mto utaona.

Ukuta wa Lushoto haupati mvuke wa chumbani tu. Unapigwa na mvua ya masika na ya vuli, na Barafu ukiufunga kwa nailoni upande wa ndani unaunyima njia moja ya kukauka. Upande wa pili kuna kingo, hakuna upepo, na kipupwe hakuna jua. Halafu kuanzia Novemba jua linahamia kusini, linaupiga ukuta uleule uliolowa, mvuke unasukumwa kuja ndani na kukutana na nailoni yako. Utakuwa umetatua Julai na kuanzisha tatizo Desemba.

Ningebomoa plasta ya ndani yote, nikapiga plasta nene ya chokaa na kupaka chokaa, basi. Chokaa inanyonya maji ya usiku na kuyaachia mchana, na fangasi hawaipendi kwa sababu ni kali. Ujerumani kwenye nyumba za zamani wanatumia vibao vyepesi vya kalsiamu silikati kwa kazi hiyohiyo, vinazuia baridi na kunyonya maji kwa pamoja. Visichanganywe na vile vigumu vya dari vinavyouzwa madukani kwetu, hivyo havinyonyi chochote cha maana.

#17 Barafu wa Deep Sea
Dada yangu, chokaa haizuii baridi. Uso wa ukuta utabaki na nyuzi zilezile 14 na nusu, mama atabaki na ukuta wa barafu ubavuni. Chokaa ina kikomo, ikishiba maji usiku wa tatu wa ukungu inakuwaje?

#18 Chokaa ya Pangani
Inakauka mchana dirisha likifunguliwa. Na nailoni ina kikomo pia: msumari mmoja wa kutundikia picha.

#19 Ukungu wa Amani
Hapo kwenye dirisha nitofautiane. Mimi niko Amani, juu ya Muheza, ukungu tunaujua. Wakati wa ukungu tunafunga madirisha yote, maana ukifungua unaingiza maji ndani. Mama asifungue dirisha Julai, atazidisha.

#20 Mwalimu Mstaafu Chumbageni
Ndugu yangu wa Amani, watu wengi wanaamini hivyo na hewa yenyewe inasema kinyume. Ukungu unaonekana mzito, lakini hewa ya baridi haina uwezo wa kubeba maji mengi. Hewa ya nyuzi 11 iliyoshiba kabisa ina takriban gramu 10 za mvuke kwa kila mita moja ya ujazo. Ikiingia chumbani ikapashwa mpaka nyuzi 18, unyevu wake unashuka mpaka kama asilimia 65, kwa sababu kwa nyuzi 18 hewa inaweza kubeba gramu 15 na zaidi. Kwa hiyo kubadilisha hewa ya chumba kilichofika asilimia 80 kwa hewa ya ukungu wa baridi kunakikausha.

Afungue madirisha ya pande mbili wazi kabisa kwa dakika 10 asubuhi akishaamka na kutoka chumbani, kisha afunge. Asiache dirisha moja limepenyezwa mchana kutwa, hapo anapoza ukuta bila kupata faida.

Huku pwani ni kinyume. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 ina gramu 22 na zaidi, na chumba cha AC cha nyuzi 22 hakiwezi kubeba hata gramu 20. Sahare, ukifungua dirisha AC ikiwa imewashwa, unanyweshea kuta.

#21 Ukungu wa Amani
Mwalimu, nyumbani kwangu nyuzi za ndani na za nje ni karibu sawa, hatuna kinachopasha. Hiyo faida inatoka wapi?

#22 Mwalimu Mstaafu Chumbageni
Swali zuri. Kama ndani na nje ni sawa, haitoki. Inategemea chumba kuwa na joto kuliko nje, na joto linatoka kwa watu, jikoni na jua la mchana.

#23 Mzaliwa wa Wilhelmstal
Mnasumbuka bure na foma. Lushoto ya zamani, enzi za Wajerumani walipoiita Wilhelmstal, nyumba zilikuwa na kuta nene za mawe na sehemu ya kuota moto sebuleni. Na bibi zetu waliweka jiko la mkaa chumbani likipoa poa, chumba kikawa kikavu na fangasi hatukuwajua. Mwekeeni mama jiko dogo la mkaa saa moja kabla ya kulala.

#24 Nesi wa Usiku
Hapana. Naomba hili lisomwe na kila anayepita hapa. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haichomi macho. Mtu anasikia kichwa kinauma na usingizi, analala, haamki. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu bila moshi ndio unaowadanganya watu, kwa sababu wanadhani hatari iko kwenye moshi. Na mama mwenyewe ana pumu. Usiku wa baridi tunapokea familia nzima kwa sababu ya jiko moja lililowekwa mlangoni kwa nia njema.

Moto wa Wajerumani ulikuwa na dohani iliyotoa hewa nje. Hilo ni jambo jingine kabisa.

#25 Mzaliwa wa Wilhelmstal
Nimekuelewa dada. Nitawaambia na wa kwetu.

#26 Tembo Maji
Tena mkaa unaongeza mvuke chumbani, kwa hiyo hata kwa fangasi hausaidii.

#27 Barafu wa Deep Sea
Tembo, mkaa uliokauka ni kaboni karibu yote, mvuke wake ni kidogo. Hatari yake ni ile aliyoisema Nesi. Mvuke uko kwenye gesi: kilo 1 ya gesi ya mtungi ikiungua inazaa zaidi ya lita 1 na nusu ya maji, yote yanaingia hewani, bado hujaweka mvuke wa sufuria. Jiko la mama limetenganishwa na chumba kwa pazia. Ongeza nguo mbichi zinazoanikwa ndani. Hapo kuna maji mengi kabla hatujafika kwenye pumzi zake.

Mlango uwekwe, feni ya kunyonya hewa jikoni, nguo zianikwe barazani. Bei yake ni ndogo kuliko foma.

#28 Mjukuu wa Magamba
Mlango nitauweka wiki hii. Nguo itakuwa ngumu, kipupwe barazani hazikauki siku mbili, lakini nitamwekea kamba jikoni karibu na dirisha.

#29 Katani Tupu
Wanatanga mnasahau mali yenu. Kwa nini tubandike foma ya kutoka ng'ambo wakati mkonge tunao? Nyuzi za katani zikichanganywa na chokaa zinatengeneza ubao mwepesi unaozuia baridi na unaopumua, na Chokaa wa Pangani anapata anachotaka. Mafundi wa jipsam hapa mjini kila siku wanatumia katani kushikizia mikanda ya dari, kwa hiyo ujuzi upo. Mmea huu uliletwa mkoani kwetu mwaka 1893 na Richard Hindorf, miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, ikazaa mashamba yote unayoyaona kuanzia Muheza mpaka Korogwe. Hatuwezi kushindwa ubao wa ukutani.

#30 Fundi wa Makorora
Wazo nalipenda kwa moyo wote, ila nani anautengeneza kwa kipimo? Mimi nikipewa mzigo nitaupiga. Usipokauka vizuri kabla ya kufungwa, katani yenyewe inaoza.

#31 Mama Mchwa Korogwe
Mbona hamtaji mchwa? Mbao za mbili kwa mbili zilizofungiwa kwenye ukuta wenye unyevu, gizani, ni mwaliko. Na foma hawaili, lakini wanaichimba njia kama kawaida mpaka wafike kwenye kenchi. Kwetu walipanda nyuma ya jipsam mpaka darini, tukajua siku fremu ya mlango ilipobonyea. Ukifanya hii kazi, acha kipande cha chini wazi, kama upana wa kiganja kutoka sakafuni, ili uone wakipita.

#32 Fundi wa Makorora
Mama umenena. Tena hicho kipande cha chini ndipo unga mweupe ulipo. Ibaki plasta tupu pale.

#33 Barafu wa Deep Sea
Kipande kikiachwa wazi kitakuwa ndicho cha baridi kuliko vyote, jasho lote litahamia hapo.

#34 Mama Mchwa Korogwe
Likihamia hapo nitaliona na kulifuta. Mchwa simfuti.

#35 Mwalimu Mstaafu Chumbageni
Kijana, kabla hawajakuchanganya zaidi, fanya jaribio. Kata vipande viwili vya nailoni angavu, kila kimoja futi 2 kwa 2. Kausha ukuta kwa kitambaa, bandika kimoja juu, kingine chini pale penye unga, uzibe kingo zote kwa tepu pana. Acha siku mbili. Maji yakiwa juu ya nailoni upande wa chumba, ni mvuke wa chumbani. Yakiwa chini ya nailoni, kati yake na ukuta, yametoka ndani ya ukuta.

#36 Mjukuu wa Magamba
Nimerudi. Nilipanda mwenyewe mwisho wa wiki. Nailoni ya juu: umande upande wa chumba, nyuma yake kukavu. Nailoni ya chini: matone nyuma yake, kati ya nailoni na ukuta, na upande wa chumba una umande pia. Nimepima na hewa kwa kipimo kidogo, alfajiri chumba kilikuwa nyuzi 17 na unyevu asilimia 83.

Na nilipozunguka nyuma niliona maji ya bati yanadondokea kwenye ule uchochoro kati ya ukuta na kingo. Hakuna mfereji wa bati upande ule.

#37 Fundi wa Makorora
Bati zima linamwaga nyuma, uchochoro hauna njia! Hapo hata kingo tuisamehe. Mfereji wa bati kwanza, uchochoro upigwe sakafu ya zege yenye mteremko.

#38 Chokaa ya Pangani
Na hapo ndipo nailoni ya ndani inapokuwa hatari zaidi. Ukuta una maji sasa hivi. Ukiufunga leo unayafunga humo.

#39 Barafu wa Deep Sea
Sijasema afunge leo. Akaushe kwanza. Ila unyevu wa asilimia 83 haukutoka kwenye uchochoro, umetoka jikoni na kwenye nguo.

#40 Shangazi wa Donge
Wote mnaweza kuwa sawa, wanangu. Ukuta uliolowa chini nao unatoa mvuke chumbani, na plasta yenye maji inapitisha baridi kuliko iliyokauka. Moja linamlisha mwenzake.

#41 Tembo Maji
Dari je? Foma ukutani na juu ya dari hakuna kitu, joto linapanda na kutokea kwenye bati. Ile kona nyeusi ya juu karibu na dari mimi naona ni dari.

#42 Mwalimu Mstaafu Chumbageni
Tembo, hoja nzito hiyo. Kona ya juu ndipo ukuta na dari vinapokutana na kwa kawaida ndiyo ya baridi kuliko sehemu nyingine. Kulaza sufi ya madini (ile kama pamba nene ya kuzuia joto lisipotee) juu ya dari ni kazi ya siku moja. Ila hewa ya darini iachwe itembee kwenye ukingo wa paa, isizibwe.

Na unene wa foma usimtishe kijana. Inchi 1 tu inapandisha uso wa ndani mpaka karibu nyuzi 17. Inchi 2 inaongeza nusu nyuzi hivi. Faida kubwa iko kwenye inchi ya kwanza, ila hata kwa inchi 1 bloku za nyuma zitapoa karibu sawa na kwa inchi 2.

#43 Umeme wa Ngamiani
Dogo tu kutoka kwangu: waya wa umeme usigusane na foma nyeupe. Ngozi ya plastiki ya waya inapoteza ulaini wake ikigusana nayo kwa muda mrefu, inakakamaa na kupasuka. Pitisheni kwenye paipu. Na foma isiachwe uchi bila jipsam, ikishika moto moshi wake ni mweusi na una sumu.

#44 Mjukuu wa Magamba
Nawashukuru wote. Nimesimamisha kazi ya fundi. Mfereji wa bati na zege la uchochoro vinaanza Jumamosi, mlango wa jikoni umeshawekwa, kabati tumelisogeza upana wa kiganja kutoka ukutani. Fangasi nimewasafisha kwa maji ya klorini nikiwa nimevaa barakoa, mama akiwa kwa jirani.

Kilichobaki ni lini nipige foma, na kama nailoni iwepo.

#45 Nesi wa Usiku
Hiyo klorini usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, inatoa hewa yenye sumu. Mama asirudi chumbani mpaka harufu iishe.

#46 Fundi wa Makorora
Subiri masika ipite na mfereji wa bati ukiwa umefanya kazi. Ukuta wa bloku haukauki wiki moja.

#47 Chokaa ya Pangani
Masika ikipita umeingia kipupwe, utaupiga foma wakati wa baridi na ukungu, jua haulioni upande ule. Mimi nasema Januari au Februari, jua likiwa upande wa kusini na ukuta umepigwa vya kutosha. Bandika tena nailoni ya mwalimu pale chini. Ikikaa siku mbili nyuma yake kukavu, endelea.

#48 Barafu wa Deep Sea
Januari nakubali. Nailoni tutaendelea kubishana.

#49 Fundi wa Makorora
Januari sawa, lakini mtu wa kupanda na gundi ya vigae aende na kisu cha moto cha kukatia foma, sio msumeno. Na pembeni mwa dirisha, kwenye ile kingo ya ndani ya fremu, foma nyembamba ya nusu inchi ipite hapo pia. Mafundi wengi wanaishia kwenye kona ya dirisha, na fangasi wanahamia palepale.